Salama Ndani

Chupa ilikuja katika kreti la hadubini,
barabara ya Kibosho ikiwa bado tope tupu,
na lebo yake spiriti ilikwisha kuiosha
kabla hatujagusa msumari wa kwanza.
Ndani: kiumbe wa urefu wa mkono wangu hadi kiwiko,
kichwa kipana kama upawa,
vidole vinne mbele, vitano nyuma,
na madoa ya kahawa iliyomwagika.

Mwalimu Mlingi alivaa miwani, akafunua kitabu.
"Salamanda," akasema. "Wa msituni. Mkubwa kwao."
Na kwa Kiswahili, mwalimu?
Kengele ikamwokoa.

Tukabaki naye sisi, kidato cha pili B,
na jina lisilotaka kukaa kinywani.
Mjusi, alisema Kisamo. Lakini mjusi ana magamba,
huyu laini kama ulimi.
Kenge, alisema Ndeonasia. Kenge mwizi wa mayai,
huyu hajamkosea mtu hapa.
Chura aliyekataa kuacha mkia:
hilo la Haikaeli, ambaye kwa kawaida hasemi,
nalipenda hadi leo,
ila ni refu mno kuliita gizani.

Mwishowe jina lilijichonga lenyewe
kama njia ya mkato katikati ya migomba.
Salamanda. Salama-nda. Salama Ndani.
Kila asubuhi tuligonga kioo kwa kifundo cha kidole:
"Salama ndani?"
Na mmoja wetu, kwa sauti ya puani:
"Salama. Huko nje je?"

Huko nje ilikuwa mvua, au ukungu, au zamu ya kudeki.
Kitabu kilisema ngozi yake nayo hupumua,
kwamba akikamatwa hubweka,
kwamba watu wa kale, mbali huko,
walidhani anaishi motoni.
Mama Apaikunda, mtunza maabara, alicheka hadi akashika meza.
"Motoni! Huyu? Si mmuone miguu?
Huyu ni mtoto wa ukungu."
Yeye alikuwa akikata majani ya ng'ombe mpakani mwa msitu,
penye miti yenye ndevu za kijivu
na magogo yanayooza bila haraka.
"Kule juu nafasi yake ipo," alisema.
"Ni yeye tu hakuzaliwa."

Kiangazi, spiriti ikaanza kupungua.
Kidole kimoja. Vidole viwili.
Usiku mlinzi aliimba kuliko ilivyostahili,
hatukumtaja mtu.
Asubuhi moja mgongo ulikuwa juu ya maji
(maji, ndiyo, mtu alikuwa amejazia maji)
na harufu ikatangulia mbele yetu mlangoni.
Mkuu wa shule akasema: shimo la taka.

Mama Apaikunda alisema ndiyo, mkuu.
Kisha akamfunga katika gome la mgomba,
akachuma jani la isale uani kwa mapadri,
akatushusha hadi kwenye mfereji
Kisamo akibeba jembe kama bunduki.

"Mwiteni," alisema. "Asiye na jina hafukiwi,
atarudi kuuliza."
Tukamwita yote.
Mjusi, japo si mjusi. Kenge, tusamehe.
Chura aliyekataa. Salamanda wa kitabuni.
Mtoto wa ukungu, alimalizia yeye,
kwa Kichaga, na kwa Kichaga lilikuwa fupi,
neno moja tu, nami sikulishika,
na niliporudi kumwuliza alikuwa amehamia Arusha kwa binti yake.

Haikaeli alipiga magoti, akagonga udongo kwa kifundo cha kidole.
Tulisubiri.
Hakuna aliyefanya ile sauti ya puani.
Mfereji uliendelea kushuka, kwenye vitalu vya kahawa,
kisha mjini Moshi, ambako hauulizwi umepita wapi.

Mtihani wa Novemba, swali la saba:
taja amfibia mmoja mwenye mkia.
Niliandika Salama.
Nikakosa alama mbili.